Nimechomwa Sindano ya Baba Yangu

Bi Adyero, mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya duka letu hapa Kibuli, maana nikilia nje wateja wataniuliza nina nini. Nisaidie, na unisaidie haraka, kwa sababu leo Jumapili zimebaki siku ishirini na tatu baba yangu apande ndege kwenda Hija, na mimi binti yake nimemfanyia jambo ambalo sijui niliite kosa, niliite dhambi, au niliite kumuua.

Jina langu Umulkheir, nina miaka thelathini na minne, na mimi ndiye binti pekee niliyebaki nyumbani, wenzangu wote wameolewa na mama alishatangulia mbele ya haki. Baba yangu, Mwalimu Nasser, amehifadhisha watoto Kurani hapa mtaani kwa miaka arobaini, na ana ugonjwa wa sukari huu mwaka wa kumi na moja. Kila kitu chake nafanya mimi, umeme nalipa mimi, simu yake nachaji mimi, na dawa zake nazifuata mimi: kila mwezi nabeba kitabu chake cha kliniki, nakiweka kwenye foleni, wakiita Nasser naitika, nachukua vidonge naondoka. Wauguzi wengine wananiita Nasser moja kwa moja, wanajua ndilo jina langu la pili, na ni kweli ndilo, lakini kitabu ni cha baba. Isipokuwa ile miezi ya kupimwa damu, hakuna aliyewahi kuniuliza Nasser mwenyewe yuko wapi.

Sasa sikiliza. Mwaka jana mwezi wa Agosti tulikwenda pamoja kuchanjwa korona, mimi na yeye, siku moja, benchi moja. Mimi mkono uliuma kidogo, basi, jioni nikapika kama kawaida. Baba, banange, jamani, jioni ile ile alishikwa na homa, viungo vyote vinamuuma, anatetemeka hadi kitanda kinalia, nikamfunika mablanketi mawili, nikampa Panadol, nikakaa naye. Siku ya tatu akaamka mzima, akanywa uji bakuli zima, lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri. Akaniambia, "Umu, kile kitu kilitaka kuniondoa. Mtu mwenye akili anakwenda kwa miguu yake kutafuta maradhi?" Siku ya dozi ya pili ilipofika nilikwenda peke yangu. Nilimbembeleza akakataa, nikamletea daktari wa mtaani akakataa, nikanyamaza.

Ingeishia hapo nisingekuandikia. Lakini baba alijiandikisha Hija tangu mwaka 2019, ikaja korona, mwaka wa kwanza wageni wakazuiwa, mwaka wa pili wakazuiwa, na mwaka huu wamefungua, ila wanataka watu walio chini ya miaka sitini na mitano na waliokamilisha chanjo. Baba ana sitini na minne. Januari anatimiza sitini na mitano, na kama mwakani wataendelea na sharti hilo hakuna anayejua, kwa hiyo kwetu sisi ni mwaka huu ama basi. Wakala wa safari akatupigia simu Jumatatu, kadi ya Mwalimu ina sindano moja, Ijumaa kama haina ya pili jina lake linatoka. Nikamwambia baba. Akasema, "Mungu anajua nia yangu. Nitakwenda na hiyo moja." Nikamwambia, baba, Mungu anajua, ila wale wa uwanja wa ndege hawajui. Akaingia ndani.

Jumatano nikaichukua kadi yake nikaenda kliniki. Nakuapia, Bi Adyero, nia yangu ilikuwa kuuliza kama kuna namna yoyote, labda waje nyumbani, labda wamwandikie barua ya sukari yake, sikwenda kuiba. Nikaiweka kadi kwenye foleni na kadi za watu wengine kama ninavyoweka kitabu cha dawa kila mwezi. Mtandao ulikuwa umekatika, wanaandika kwenye daftari, watu wamejaa mpaka nje, na musawo aliyekuwa anachoma ni binti mdogo amechoka hadi macho mekundu. Akaita, "Nasser!" Nikaitika. Akasema, "Dozi ya pili?" Nikasema ndiyo. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea, kwa sababu dozi ya pili ndiyo hasa iliyonileta, ila si yangu! Akasema, "Kunja mkono." Na mimi nilipaswa kusema, musawo, subiri, mwenye kadi ni baba yangu. Nilikunja mkono. Nilikuwa nimeshaona pale kwenye kadi ile nafasi tupu, na nilitaka ijazwe tu, nilitaka sana ijazwe, na kabla sijapata akili pamba ilikuwa mkononi mwangu na kadi ya baba imeandikwa tarehe.

Nikapanda boda, nikampitishia wakala kadi aione, jina likabaki, nikarudi. Baba alikuwa kibarazani anasahihisha mbao za watoto. Akauliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema ile yako ya kwanza inatosha, baba, wameandika imekamilika. Akaweka ubao chini, akasujudu hapo hapo sakafuni kumshukuru Mungu. Nilisimama nikimtazama baba yangu amesujudia uongo wangu.

Na haikuishia hapo. Kesho yake mimi ndiye niliyeanguka. Homa, kichwa, mwili wote kama nimetwangwa, na chini ya kwapa la mkono ule ukanitoka mtoki mkubwa kama punje ya haragwe, unauma nikiinua mkono. Baba akanichemshia chai ya tangawizi mwenyewe, akakaa kitandani kwangu, akasema angeweza angeniugulia yeye. Nikageukia ukutani. Rafiki yangu Perpétue, Mkongomani anayeuza samaki wakavu pale Kalerwe, ndiye mtu pekee niliyemweleza, na yeye badala ya kunituliza akazidi kunitia hofu. Akasema, "Dada yangu, mwili uko na kipimo chake. Zile mbili za kwanza hukupata homa, basi walikuchoma maji. Hii ya tatu ndiyo dawa yenyewe, na ni ya mwanaume, ya mtu wa sukari. Sasa kinga yako itachoka." Nilimcheka, lakini nikifika nyumbani naupapasa ule mtoki kila saa.

Kibaya zaidi, baba kila Jumamosi anakwenda kwenye darasa la mahujaji, na huko amewaambia wenzake kwamba kumbe moja inatosha, binti yake kathibitishiwa kliniki. Mzee Dawudi, ambaye ana pumu na anasafiri kwa wakala mwingine ambaye bado anapokea kadi, alikuwa anakwenda kumalizia dozi yake wiki hii. Ameacha. Amesema kama Mwalimu Nasser amesema, basi imetoka.

Kwa hiyo nakuuliza, mama yangu, na usinicheke. Je, hiyo moja ya mwaka jana bado inamlinda? Je, mimi niliyechomwa tatu nimejiharibu? Nimefikiria hata kwenda kutoa damu yangu aongezewe yeye, kwa sababu sisi ni damu moja na sindano yake iko ndani yangu, je, inawezekana? Na nikimwambia ukweli namjua baba yangu, hawezi kuingia Makka na kadi ya uongo, atajiondoa mwenyewe, na miaka mitatu ya kungoja itakuwa imeharibiwa na mimi. Nisipomwambia ataingia kwenye ule umati wa watu wa dunia nzima, na sukari yake, na umri wake, akiamini yuko salama kwa sababu mimi nimemwambia. Yeye anasema mtu akifia kule ni bahati. Mimi siitaki bahati hiyo. Namtaka baba yangu arudi.

Ni mimi,
Umulkheir, Kibuli


BI ADYERO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadilisha, na mambo mengine mawili matatu pia, mtu asije akamtambua baba yako gazetini. Barua yako nimeipata leo Jumanne, na jibu hili nakutumia kwenye simu leo hii kabla halijakwenda kuchapwa, kwa sababu siku zako zinahesabika na mimi sina hulka ya kumwacha mtu anangoja huku anaungua. Futa machozi, toka stoo, osha uso, kisha soma polepole.

Nianze na wewe, maana mtu anayeogopa kufa hasikii lingine. Hufi. Mimi nimekuwa muuguzi wa jeshi miaka ishirini na miwili, nimechoma watu sindano kuliko ulivyouza sukari, na huo mtoki wako nimeuona kwenye makwapa mengi. Chini ya kwapa kuna tezi, na tezi hizo ndipo chembe za kinga zinapokusanyika kukitazama kitu kipya kilicholetwa kutoka mkononi. Zikikusanyika nyingi na kuanza kuongezeka, mahali hapo panavimba. Ni kazi inafanyika. Uache kuupapasa. Kwa kawaida unanywea wenyewe katika wiki chache, ila kama baada ya wiki sita bado upo, au unazidi kukua, nenda daktari akautazame. Na hapana, kinga yako haijachoka. Mwili wako kila siku unakutana na vumbi la barabarani, mafua ya wateja na mikono ya watoto wa chuo cha baba yako, na haujawahi kulalamika umechoka. Umepata dozi moja ambayo hukupangiwa, hilo tu. Kliniki waijue, iandikwe kwenye kadi yako wewe, na usichomwe nyingine mpaka mtu wa afya akuambie.

Huyo Perpétue wako nunua samaki kwake, maana wa Kalerwe ni watamu, lakini ushauri wa sindano mwachie. Homa si cheti cha kufaulu. Kuna anayechanjwa akapata homa ya kulala kitandani, na kuna anayechanjwa akaenda zake kupika, kama wewe, na wote wawili kinga zao zimefanya kazi. Hukuchomwa maji. Na hakuna sindano ya mwanaume wala ya mtu wa sukari, eeh! Dawa ni ile ile, chupa ni ile ile.

Kuhusu kumwongezea baba yako damu yako, umeniambia nisicheke na nimejizuia. Damu si supu ya kugawana. Hata kama kingamwili zako zingeingia kwake, zingekaa wiki kadhaa zikaisha, na ule ujuzi wa kuzitengeneza ungebaki kwako. Mwili wake lazima ujifunze wenyewe. Umulkheir, unaweza kumlipia baba yako umeme, unaweza kumchukulia vidonge, unaweza kumchajia simu mpaka mwisho wa dunia. Kuchanjwa kwa niaba yake huwezi.

Sasa tuje kwake. Watu wakieleza habari ya kinga wanapenda kusema askari, askari, mwili una askari. Mimi nimeishi na askari kambini na ninakuambia mwili una adabu kuliko wao. Wewe baba yako ni mwalimu wa kuhifadhisha, kwa hiyo tuongee kwa lugha ya chuo chake, na utakapokwenda kwake umweleze hivi hivi.

Chanjo haimpi mtu ugonjwa wa korona. Inauonyesha mwili kipande tu cha kirusi, ile miiba yake ya nje, ili mwili ukijue kabla haujakutana na kirusi chenyewe. Siku ya kwanza mwili haujui hiki ni nini, unajua tu ni mgeni, kwa hiyo unapiga kelele, unapandisha joto, viungo vinauma. Ile homa ya Agosti iliyomtetemesha kitanda haikuwa sumu. Ulikuwa mwili wake mwenyewe umeamka. Alikuwa mzima siku ya tatu, umesema mwenyewe, bakuli zima la uji. Kilichotaka kumwondoa kinaondokaje kwa uji?

Baada ya kelele hizo ndipo somo linaanza, kimya kimya, mtu mwenyewe hahisi chochote. Zipo chembe zinazojifunza kutengeneza kingamwili za kukishika kile kirusi kisiingie, na zipo nyingine zinazojifunza kuzitambua chembe za mwili zilizokwisha kuingiliwa. Hilo linachukua kama wiki mbili. Kisha nyingi zinaondoka, na zinabaki chache zinazokumbuka. Muulize baba yako: mtoto amefundishwa sura mara moja, mwezi wa Agosti, hakuidurusu hata siku moja, miezi karibu kumi sasa. Leo msimamishe mbele ya watu aisome. Atakumbuka kitu? Atakumbuka, sitaki kukudanganya, mwanzo wake atakuwa nao, mistari ya katikati atabahatisha. Mtoto wa namna hiyo Mwalimu Nasser anaweza kumwambia amehifadhi? Atamrudisha ubaoni. Na mwili wenye miaka sitini na minne na sukari juu yake unashika somo polepole kuliko wako wewe wa thelathini na minne, ndiyo maana kudurusu kwake ni muhimu zaidi ya kwako.

Dozi ya pili ndiyo kudurusu. Zile chembe chache zilizobaki zinakumbuka, zinaamka haraka, zinaongezeka kuliko mara ya kwanza, na kingamwili zinazotoka zinashika vizuri zaidi. Na hahitaji kuanza upya kwa sababu amechelewa. Anaendelea pale alipoachia. Anaweza kupata homa tena au asipate kabisa, mwandalie Panadol na maji ya kunywa, upime sukari yake siku hizo mbili, basi. Sikuambii atakuwa hagusiki. Watu wa dozi mbili nao wanapata korona, wanakohoa, wanalala siku chache. Lakini tofauti ya kukohoa nyumba ya wageni na kulala kwenye oksijeni katika nchi ambayo huna ndugu wa kukushika mkono, mimi nimeiona kwa macho yangu wodini. Sindano hii ndiyo inayopunguza hatari ya hiyo oksijeni. Barakoa avae, vidonge vyake abebe vya kutosha na ziada.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu umeniandikia kurasa nne na katika hizo nne umemlaumu mtandao, na foleni, na mazoea, na macho mekundu ya yule binti wa watu. Ulikunja mkono wewe. Najua ulikuwa na hofu, na najua unampenda, na ningekuwa pale ningekukumbatia kwanza ndipo nikupige kofi. Lakini lile la mkononi ni kosa dogo kuliko la mdomoni. Kumwambia "moja inatosha" ndiyo kosa lenyewe. Umemchukua mtu aliyefundisha watoto wa watu ukweli kwa miaka arobaini, ukamtuma darasani afundishe uongo wako, na tayari una mwanafunzi mmoja, Mzee Dawudi mwenye pumu. Unanielewa? Hili si la baba yako peke yake tena.

Sikia utakachofanya, na ukifanye kesho, si kesho kutwa. Akishamaliza swala ya alfajiri na kabla watoto hawajaingia chuoni, kaa chini mbele yake. Usianze na Hija, usianze na wakala, usianze na jinsi ulivyolia. Anza na maneno haya: "Baba, nilikudanganya." Kisha mweleze yote, kadi, foleni, mkono. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee, usilie kwa sauti ili yeye ndiye akubembeleze. Akimaliza, ndipo umweleze habari ya homa na habari ya kudurusu, kwa upole, kama mtu anayeuliza. Mwaka jana ulimletea daktari, akakataa, ukanyamaza, lakini hakuna aliyekaa na huyu mzee akamweleza ile homa ilikuwa nini. Mlimbembeleza tu. Mtu mwenye elimu yake anachoka kubembelezwa kama mtoto.

Unasema atajiondoa kwa sababu ya kadi ya uongo. Basi mpe ya kweli! Njia haijafungwa, ni wewe umekaa mbele ya mlango. Nendeni kliniki pamoja, yeye mwenyewe kwa miguu yake, mtafute mkubwa wa kituo, si yule binti wa sindano, na useme ulichofanya. Watakufokea. Pokea. Ile tarehe watairekebisha, ile dozi itaandikwa kwako, na Nasser mwenye jina lake atachomwa na kuandikwa siku ya kweli, kisha wakala apelekewe hiyo badala ya ile ya uongo. Kutoka leo zimebaki siku ishirini na moja. Mwili unahitaji kama kumi na nne. Mnayo wiki moja tu ya kubishana, na ningependa msiitumie yote. Jumamosi asimame yeye darasani awaambie wenzake kwamba alikosea na kwa nini, halafu amshike Mzee Dawudi mkono ampeleke. Akisikia kutoka kwa Mwalimu atakwenda. Wewe hatakusikiliza, na kusema kweli hatakuwa na sababu.

Na kama baada ya yote hayo baba yako bado atakataa, hiyo ni haki yake, na atakuwa ameikosa Hija kwa uamuzi wake mwenyewe. Utaumia. Lakini atakuwa ameamua akijua.

Nina jambo moja la mwisho, na sijawahi kuliandika katika ukurasa huu. Mume wangu Odur alikuwa sajenti, amestaafu, mbishi kama baba yako. Mwaka jana, mwezi wa tatu, mimi mwenyewe nilimchoma dozi ya kwanza. Akapata homa siku mbili, akasema harudi. Mimi muuguzi, niliyekuwa nachanja kambi nzima asubuhi mpaka jioni, nilifika nyumbani nimechoka, nikamwona amenuna mezani, nikasema basi, mtu mzima huyu, atajua mwenyewe. Nilijua cha kumwambia. Haya yote niliyokuandikia leo nilikuwa nayajua. Mwezi wa sita lile wimbi la korona likaja, na Odur akaondoka katika siku tisa. Sindano ya pili ingemwokoa? Sijui, na hakuna daktari anayeweza kuniambia. Ninachojua ni kwamba nilinyamaza kwa sababu sikutaka anikasirikie, na leo, Umulkheir, ningetoa kila nilicho nacho anikasirikie hata kwa dakika tano.